Namna ya Kusoma Majibu ya Kipimo cha Asidi Mafuta za Mnyororo Mrefu Sana

Karatasi ya majibu ya kipimo hiki huwa fupi: mistari mitatu ya viwango, yaani C22:0, C24:0 na C26:0, mistari miwili ya uwiano, na katika maabara nyingi mistari miwili zaidi ya asidi fitaniki na asidi pristaniki. Ufupi huo unadanganya. Daktari aliyezoea vipimo ambavyo tarakimu moja hutosha kutoa uamuzi huelekea kutazama C26:0 peke yake, akaona kama imepita mpaka au haijapita, kisha akafunga jalada. Kipimo hutafuta maradhi ya kurithi ya perokisomu, vijumba vya seli vinavyovunja mafuta haya, na hasa adrenoleukodistrofia, ambayo huharibu ubongo na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Mwongozo huu ni kwa madaktari, wataalamu wa maabara, wanafunzi wa biokemia, na wazazi ambao wameletewa karatasi hiyo bila maelezo ya kutosha. Unashikilia jambo moja: tarakimu hizi zisomwe pamoja, kwa sababu kinachotafutwa si wingi wa mafuta katika damu bali ni mahali ambapo kazi ya kuyavunja imekwama.

Elewa kwanza alama zilizoandikwa

Katika alama C26:0, namba ya kwanza ni idadi ya kaboni zilizopangwa katika mnyororo, na ya pili ni idadi ya viungo pacha kati ya kaboni hizo. Asidi palmitiki, inayopatikana kwa wingi katika mawese, ni C16:0. Asidi oleiki, iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni, ni C18:1. Wataalamu wengi huziita asidi mafuta kuwa za mnyororo mrefu sana zinapofikia kaboni 22 au zaidi. Kwa hiyo karatasi inakuonyesha asidi beheniki (C22:0), asidi lignoseriki (C24:0) na asidi serotiki (C26:0), ambayo pia imo katika nta ya nyuki. Zote tatu hazina kiungo pacha hata kimoja. Usizichanganye na DHA, asidi mafuta ya omega-3, ambayo ni C22:6. Hiyo nayo ina kaboni 22, lakini viungo pacha sita vinaifanya kuwa kitu tofauti kabisa kwa tabia na kwa kazi.

Urefu wa mnyororo hubadilisha tabia ya asidi kwa kiasi kikubwa. Asidi palmitiki huyeyuka kwenye nyuzijoto 63 hivi za Selsiasi, ilhali C26:0 hungoja mpaka karibu nyuzijoto 88. Ndani ya utando wa seli, C26:0 hunasa: majaribio ya maabara yameonyesha kwamba huchomoka kutoka kwenye utando polepole mara 10,000 hivi kuliko asidi za kaboni 16 au 18. Inapozidi, hubaki humo na kuvuruga utando wenyewe, na tezi za adrenali pamoja na mada nyeupe ya ubongo ndizo zinazoumia zaidi.

Hata hivyo, ni kosa kuzifikiria asidi hizi kama sumu. Mwili huzitengeneza kwa makusudi. Ala ya myelini inayofunika nyuzi za neva imejaa mafuta yenye kaboni 24. Ngozi hutegemea minyororo ya kaboni 28 hadi 36 ili isipoteze maji. Na retina ya jicho ina minyororo mirefu zaidi yenye viungo pacha vingi. Shida huanza pale zinapotengenezwa kama kawaida lakini zikashindwa kuvunjwa.

Fuata njia mbili: ya kurefushwa na ya kukatwa

Anayetaka kusoma majibu vizuri hana budi kuijua njia ya kemia iliyo nyuma yake, na habari njema ni kwamba njia hiyo si ndefu.

Kurefushwa hufanyika kwenye retikulamu ya endoplazimu, mfumo wa utando ulio ndani ya seli. Asidi mafuta iliyounganishwa na koenzimu A huongezewa kaboni mbili kutoka kwa maloniliKoA, kwa hatua nne zinazojirudia: kuunganisha, kuongeza haidrojeni, kutoa maji, na kuongeza haidrojeni tena. Hatua ya kwanza ndiyo inayoamua mwendo, nayo husimamiwa na familia ya vimeng'enya saba, ELOVL1 hadi ELOVL7, kila kimoja kikiwa na urefu wake kinaoupendelea. Kinachotuhusu hapa ni ELOVL1, kinachorefusha asidi zisizo na viungo pacha na zenye kiungo kimoja hadi kufikia kaboni 24 na 26. ELOVL4 huendelea mbele ya kaboni 26, ndiyo maana kasoro zake hujidhihirisha machoni na kwenye ngozi. Jambo la kukumbuka ni kwamba sehemu kubwa ya C26:0 iliyo katika damu ya mgonjwa imetengenezwa na mwili wake mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu kumnyima mgonjwa vyakula vyenye asidi hii, peke yake, hakukushusha viwango ilipojaribiwa.

Kukatwa hufanyika kwenye perokisomu, vijumba vidogo vilivyomo ndani ya seli ambavyo mwanasayansi Christian de Duve alivipa jina hilo katika miaka ya 1960. Mwaka 1976, yeye na Paul Lazarow walionyesha kwamba perokisomu za ini la panya zina mfumo wao wa kuvunja asidi mafuta, tofauti na ule wa mitokondria. Mitokondria hushughulikia minyororo mifupi, ya kati na ile ya kaboni 16 au 18, lakini C24:0 na C26:0 lazima zipitie perokisomu kwanza.

Zifuatilie zinavyoingia. Mlangoni pana protini ya usafirishaji iitwayo ALDP, inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni ABCD1 iliyo kwenye kromosomu X, sehemu ya Xq28. Kasoro ya jeni hii ndiyo huleta adrenoleukodistrofia. Baada ya kuingia, kimeng'enya ACOX1 huanza kazi, na katika hatua hiyo huzalishwa haidrojeni peroksaidi, ambayo katalasi huiharibu papo hapo. Kisha protini yenye kazi mbili, itokanayo na jeni HSD17B4, hufanya hatua ya pili na ya tatu. Mwisho kimeng'enya cha tiolasi hukata kaboni mbili, na mzunguko huanza upya, mnyororo ukifupishwa kama muwa unavyokatwa pingili kwa pingili. Ukishafikia karibu kaboni nane, kipande kilichobaki hupelekwa mitokondria kumaliziwa.

Hapo ndipo penye ufunguo wa karatasi nzima. Mlango ukifungwa, C24:0 na C26:0 hazikatwi. Zinabaki nje, na ELOVL1 anaendelea kuzirefusha. C22:0 haipandi pamoja nazo. Mara nyingi hubaki katika kiwango cha kawaida au hata hushuka. Kwa hiyo uwiano wa C24:0 kwa C22:0, na wa C26:0 kwa C22:0, hupanda kwa namna ambayo chakula peke yake ni vigumu kuiiga.

Perokisomu zina kazi nyingine pia, nazo ndizo zinazotupatia mashahidi wa ziada. Huvunja asidi fitaniki na asidi pristaniki itokanayo nayo; fitaniki haitengenezwi na mwili bali hutoka kwenye mafuta ya wanyama wanaocheua na katika maziwa yao. Huanza utengenezaji wa plazmalojeni, aina ya mafuta ya utando wa seli. Hukamilisha asidi za nyongo. Na hufanya hatua ya mwisho ya kutengeneza DHA, kwa kuifupisha C24:6 kuwa C22:6.

Kagua sampuli kabla ya kukagua tarakimu

Uliza sampuli ilichukuliwaje. Kinachotakiwa kwa kawaida ni plazima kutoka kwenye mrija wenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, iliyotenganishwa na chembe za damu mapema, kisha ikagandishwa na kusafirishwa ikiwa bado imeganda. Kwa kuwa kipimo chenyewe hufanywa kwa kromatografia ya gesi pamoja na mashine ya kupima uzito wa molekuli, hospitali nyingi hutuma sampuli kwenye maabara ya mbali, na safari hiyo ndipo mambo huharibika. Sampuli ambayo chembe nyekundu zimepasuka isitumike, kwa sababu utando wa chembe hizo una asidi hizi kwa wingi na unaweza kupandisha C26:0 bila ugonjwa wowote. Plazima ikiwa na rangi ya waridi au nyekundu, chukua nyingine.

Mgonjwa anatakiwa awe amefunga kula usiku kucha, takriban saa 12. Hapa nasisitiza kwa moyo wote: mtoto mchanga, au mtoto anayeshukiwa kuwa na upungufu wa homoni za adrenali, asifungishwe kwa ajili ya kipimo hiki bila uangalizi, kwa maana sukari yake inaweza kushuka kwa hatari. Kwa watoto wa aina hiyo inatosha kuchukua damu muda mfupi kabla ya mlo unaofuata, na kuandika saa ya mlo uliopita kwenye fomu. Hakuna tarakimu ya maabara inayostahili kumtia mtoto katika degedege la kupungukiwa na sukari.

Uliza pia juu ya chakula cha siku zilizotangulia. Karanga zina C22:0 na C24:0 katika mafuta yake, na ulaji mwingi wa karanga umethibitishwa kupandisha asidi hizi katika plazima. Katika nchi zetu swali hili si la mapambo: kuna watoto ambao uji wao hutiwa karanga zilizosagwa kila asubuhi, na walio katika matibabu ya utapiamlo hupewa chakula tiba kinachotengenezwa kwa siagi ya karanga. Mtoto anayetibiwa kifafa kwa mlo wa ketojeniki, yaani mlo wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, anaweza pia kuonekana na viwango vya juu. Upande wa pili, mafuta ya haradali yenye asidi erusiki nyingi huweza kuishusha C26:0 na kuuficha ugonjwa, kwa sababu asidi erusiki hushindania ELOVL1. Ndivyo pia yanavyofanya mafuta ya Lorenzo, mchanganyiko wa mafuta ya oleiki na ya erusiki kwa uwiano wa 4 kwa 1, uliopewa jina la mtoto Lorenzo Odone aliyekuwa na adrenoleukodistrofia. Mtu anayeyatumia anaweza kuwa na majibu mazuri kabisa huku jeni lake likiwa na kasoro ileile.

Angalia kizio kabla ya kulinganisha

Maabara moja huripoti kwa mikrogramu kwa mililita, nyingine kwa mikromoli kwa lita, au kwa nanomoli kwa mililita, ambazo ni sawa na mikromoli kwa lita. Uzito wa moli moja ya C26:0 ni gramu 396.7, hivyo mikrogramu 1 kwa mililita ni sawa na mikromoli 2.52 kwa lita.

Tofauti hii inaweza kuleta maafa ikipuuzwa. Katika uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 1999 na Ann Moser na wenzake wa Taasisi ya Kennedy Krieger, Baltimore, uliohusu wagonjwa wapatao 3,000 wa maradhi ya perokisomu na watu 29,000 wa kulinganisha, wastani wa C26:0 kwa wasio na ugonjwa ulikuwa mikrogramu 0.23 kwa mililita, na kwa wanaume wenye adrenoleukodistrofia ulikuwa 1.30. Sasa, baadhi ya maabara zinazotumia mikromoli huweka mpaka wa juu wa kawaida karibu na 1.3 vilevile. Tarakimu ni moja, lakini katika kizio cha kwanza ni ya mgonjwa na katika cha pili ni ya mtu mzima wa afya. Ukigeuza ile 1.30 ya mikrogramu unapata takriban mikromoli 3.3 kwa lita.

Hata uwiano, ambao watu hudhani hauna kizio, hubadilika. Kwa kuwa moli ya C22:0 ina gramu 340.6 na ya C24:0 ina gramu 368.6, uwiano uliokokotolewa kwa uzani lazima uzidishwe kwa 0.92 ili upate uwiano wa moli. Na kwa C26:0 juu ya C22:0 zidisha kwa 0.86. Tofauti si kubwa kwa mgonjwa aliye wazi, lakini kwa majibu yaliyo mpakani inaweza kumvusha mtu upande mmoja au mwingine. Basi tumia mipaka iliyochapishwa kwenye karatasi ya maabara ileile iliyopima, wala si mipaka ya kitabuni.

Sasa soma uwiano, kisha C26:0

Katika uchambuzi huohuo wa mwaka 1999, uwiano wa C24:0 kwa C22:0 ulikuwa kwa wastani 0.84 kwa watu wa kulinganisha na 1.71 kwa wanaume wenye adrenoleukodistrofia. Ule wa C26:0 kwa C22:0 ulikuwa 0.01 na 0.07. Kwa watoto wenye ugonjwa wa Zellweger, ambao perokisomu zao hazikuumbika ipasavyo, C26:0 ilifika mikrogramu 3.93 kwa mililita na uwiano wa C26:0 kwa C22:0 ulifika 0.50. Wastani hizi tatu zikiwa kichwani, karatasi nyingi husomeka kwa muda mfupi.

Chukua mfano niliouunda kwa kufundishia. Mvulana wa miaka saba ana C22:0 ya mikromoli 48.0 kwa lita, C24:0 ya 79.2 na C26:0 ya 3.36. Gawanya: 79.2 kwa 48.0 ni 1.65, na 3.36 kwa 48.0 ni 0.070. Maabara yake ina mipaka ya 1.39 na 0.023. Uwiano wote wawili umepita, C26:0 imepita, na C22:0 iko mahali pake. Huo ni mfano kamili wa mlango uliofungwa.

Mtoto wa pili ana C22:0 ya 118, C24:0 ya 104 na C26:0 ya 1.2. Maabara imechapa nyota nyekundu mbele ya mistari miwili ya kwanza, na wazazi wamejawa na hofu. Lakini 104 kwa 118 ni 0.88, na 1.2 kwa 118 ni 0.010. Uwiano umetulia. Viwango vimepanda kwa pamoja, kama vinavyopanda vinapoingia kutoka nje kupitia kinywani, na C22:0 ndiyo iliyotangulia, kama ilivyo katika mafuta ya karanga yenyewe. Waulize juu ya uji, waache karanga kwa muda, kisha warudie kipimo.

Majibu magumu zaidi ni yale ambayo uwiano mmoja umepita kidogo na mwingine haujapita. Usiyatolee hukumu kwa sampuli moja. Rudia ukiwa na sampuli safi, na mgonjwa akiwa amefunga. Yakibaki vilevile, omba kipimo cha C26:0-lisofosfatidilikolini, molekuli ya mafuta inayobeba C26:0, au uchunguzi wa jeni. Kipimo hicho cha lisofosfatidilikolini hufanyika hata kwenye tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi, ambalo husafiri bila barafu, na ndicho kinachotumika kupima watoto wachanga huko Marekani, ambako jimbo la New York lilianza mwishoni mwa mwaka 2013 na orodha ya kitaifa ya mapendekezo ikakiingiza mwaka 2016. Kwa mazingira yenye umeme usiotabirika na safari ndefu, nadhani njia hii ina mustakabali mzuri kuliko plazima iliyogandishwa.

Waite mashahidi wengine

Ukishajua kwamba minyororo mirefu haikatwi, swali linalofuata ni kwamba imekwama wapi. Asidi fitaniki, asidi pristaniki na plazmalojeni za chembe nyekundu ndizo zinazojibu.

Zote zikiwa za kawaida huku C26:0 na uwiano vikiwa juu, kwa mwanamume au mvulana, fikiria ABCD1 kwanza. Upungufu wa ACOX1 hutoa picha inayofanana nayo, kwa kuwa asidi fitaniki na pristaniki hupitia vimeng'enya vingine, lakini mgonjwa ni tofauti: kwa kawaida ni mtoto mchanga mlegevu mwenye degedege, wa kiume au wa kike. Protini yenye kazi mbili ikikosekana, asidi pristaniki hupanda pamoja na minyororo mirefu, na uwiano wa pristaniki kwa fitaniki huwa mkubwa, wakati plazmalojeni ziko salama. Perokisomu zenyewe zisipoumbika, kila kitu huharibika kwa pamoja: minyororo mirefu juu, fitaniki na pristaniki juu, asidi pipekoliki (nyingine inayovunjwa na perokisomu) juu, plazmalojeni chini, DHA chini.

Ipo pia hali ya kinyume, ambapo minyororo mirefu ni ya kawaida na ugonjwa wa perokisomu upo. Katika ugonjwa wa Refsum, asidi fitaniki hupanda sana kwa sababu kimeng'enya PHYH, kinachoanza kuivunja, hakifanyi kazi, na C26:0 haiguswi. Katika kondrodisplasia ya rizomeliki, ambayo mtoto huzaliwa na mikono ya juu na mapaja mafupi, plazmalojeni ndizo zinazokosekana. Aliyeagiza C22, C24 na C26 peke yake atamwambia mzazi kwamba perokisomu ni nzima, na atakuwa amekosea.

Tahadhari moja juu ya asidi fitaniki: kwa kuwa hutoka kwenye chakula, mtoto ambaye bado hajaanza kula nyama, samli wala maziwa ya ng'ombe anaweza kuwa na kiwango cha chini hata kama hana uwezo wowote wa kuivunja. Umri wa mtoto na historia ya kuachishwa ziwa viandikwe kwenye fomu ya kuombea kipimo.

Wanawake wasomwe kwa kanuni nyingine

Mwanamke mwenye kasoro ya ABCD1 kwenye kromosomu X moja ana seli za aina mbili mwilini, na damu yake ni mchanganyiko wa zote. Kwa takriban wanawake 15 hadi 20 kati ya kila 100 walio na kasoro hiyo, majibu ya plazima huwa ya kawaida. Kwa hiyo majibu ya juu kwa mwanamke yana maana, lakini majibu ya kawaida hayamwondolei shaka. Dada wa mgonjwa, mama yake na mama zake wadogo na wakubwa wapimwe jeni, hasa baada ya badiliko halisi la familia kutambuliwa. Na asiitwe mbebaji tu kana kwamba yeye haugui: wengi wao, wakifikia utu uzima wa makamo na kuendelea, hupata ugumu wa miguu, ganzi na shida ya kuzuia mkojo, malalamiko ambayo mara nyingi huhesabiwa kuwa ya umri.

Usiitake karatasi iseme isichokijua

Kiwango cha C26:0 hakitabiri ugonjwa utakwenda vipi. Ndugu wawili wa tumbo moja, wenye badiliko lilelile la jeni na viwango vinavyokaribiana, wanaweza kutofautiana kabisa: mmoja akapoteza uwezo wa kuona na kusema akiwa na miaka minane, mwingine akafika miaka arobaini akiwa na miguu mizito tu. Mzazi akiuliza kama 3.4 ni afadhali kuliko 4.1, jibu la kweli ni kwamba hakuna tofauti inayoweza kumsaidia kupanga maisha ya mwanawe.

Kinachosaidia ni ufuatiliaji. Mvulana aliyethibitishwa apimwe kotisoli ya asubuhi, ambayo ni homoni ya adrenali, na ACTH, homoni inayoziamuru tezi hizo, mara kwa mara, kwa maana upungufu wa adrenali unaua haraka na unatibika kwa vidonge. Apigwe picha ya ubongo ya MRI hata akiwa mzima, na kwa umri wa miaka 3 hadi 12 mapendekezo ni kila miezi sita, kwa sababu upandikizaji wa seli za uboho husaidia pale tu uharibifu unapokuwa bado mdogo. Tiba ya jeni iliidhinishwa nchini Marekani mwezi Septemba 2022, lakini baadhi ya waliotibiwa wamepata saratani ya damu, na matumizi yake yamebaki ya uangalifu mkubwa. Mafuta ya Lorenzo husawazisha C26:0 katika plazima bila kuzuia ubongo kuharibika pindi uharibifu ukishaanza, na yanaweza kushusha chembe sahani za damu. Plazima nzuri isichukuliwe kuwa ndiyo nafuu yenyewe.

Nani basi apimwe? Mvulana yeyote mwenye upungufu wa adrenali ambao chanzo chake hakijajulikana. Katika nchi zetu kifua kikuu hushukiwa kwanza, na kwa haki, kwa kuwa huharibu tezi hizo. Lakini mvulana mwenye weusi unaoongezeka kwenye fizi, kwenye mistari ya viganja na kwenye makovu, anayezimia na kutapika, na ambaye hana dalili nyingine ya kifua kikuu, anastahili kipimo hiki hata kama anafanya vizuri shuleni. Apimwe pia mtoto aliyekuwa mwerevu ambaye maandishi yake, usikivu wake au tabia yake vimeanza kuporomoka, na mwanamume wa miaka ishirini au thelathini ambaye miguu yake inakakamaa polepole bila jeraha la uti wa mgongo.

Majibu yakithibitika, chora ukoo siku hiyohiyo, familia ikiwa bado iko mbele yako. Baba mwenye kasoro ya ABCD1 humpa kila binti yake na hampi mwana hata mmoja. Mama huweza kumpa kila mtoto, wa kiume au wa kike, kwa nafasi ya nusu kwa nusu. Uliza juu ya wajomba upande wa mama, wana wa mama wadogo na wakubwa, na wavulana waliofariki ghafla kwa homa na kutapika bila sababu kupatikana. Andika majina yao kwenye jalada pamoja na tarehe ambayo kila mmoja ataitwa kupimwa, wavulana walio chini ya miaka 12 wakitangulia.